Ushuhuda wa Nguzo ya Tatu

Habari yenyewe ililetwa na Mama Birika, muuza kahawa, na hakuiacha ipoe. Alitua meza yake ndogo pembeni mwa benchi, akapanga vikombe, akawasha jiko, na kabla maji hayajachemka akatoa simu kwenye mfuko wa aproni na kuinyoosha mbali na uso, maana miwani anasema ni ya wazee.

"Jamani, sikilizeni hii. Imetoka kwa mchungaji asubuhi hii hii. 'Wapendwa katika Bwana, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tutakuwa na Mbio za Wanaoanza. Tukutane langoni mwa kanisa. Mbio zitaongozwa na ndugu yetu fundi cherehani, mkimbiaji mzoefu.'"

Benchi likalipuka.

"Mkimbiaji nani?" Wembe, kinyozi, alitokeza mlangoni kwake na mashine ya kunyolea mkononi. Ndani alikuwa amemwacha mteja kichwa nusu.

"Mzoefu," Mama Birika alirudia, akilitafuna neno polepole.

"Mzoefu wa kukimbia wateja, hapo sina ubishi! Suruali yangu ina miezi miwili humo ndani mwake. Nikimuuliza, njoo Ijumaa. Nikija Ijumaa, njoo Ijumaa. Mimi na huyu mtu tuna Ijumaa nyingi kuliko kalenda."

"Tumbo lake likikata kona saa mbili, mwenyewe anafika saa mbili na robo," alisema Mzee Gia. Huyu aliendesha malori miaka thelathini, akastaafu, na sasa anaendesha benchi.

Kelele zote hizo mhusika alikuwa anazisikia. Benchi liko kwenye baraza moja mbele ya vyumba viwili: huku kinyozi, huku fundi cherehani, na katikati ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya upande mmoja unaambiwa pole upande wa pili. Fundi cherehani wanamwita Sentimita, kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kuzika. Saa hiyo alikuwa anapiga pasi kola, na chupa yake ya kunyunyizia ilikuwa mkononi. Aliposikia neno "mzoefu" macho yalimtoka pima, na pasi ikabaki imetulia juu ya kola ya watu.

"Wenzangu, msicheke, jana alishuhudia," Mama Birika aliendelea. "Mimi nilikuwa kwaya, safu ya mbele, sikusimuliwa. Ulipofika wakati wa shuhuda, fundi huyo akasimama. 'Namshukuru Mungu, wiki tatu sasa ananiwezesha kukimbia kila asubuhi. Mimi ni mtu mpya.' Watu walipiga makofi mpaka mzee wa kanisa aliyekuwa amelala akaamka akasema amina, halafu akauliza kuna nini."

"Na mkewe?"

"Mkewe aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa analia kwa furaha."

"Ngoja kwanza," alisema Wembe. Aliketi kabisa, mashine ikinguruma mkononi. "Wiki tatu? Kila alfajiri?"

"Ndivyo alivyosema madhabahuni."

"Sasa sikilizeni na mimi. Nina wiki tatu, nikija kufungua mapema, nasikia kitu kinakoroma nyuma ya ukuta huu. Nikasema ni paka kazaa. Nikatega sikio. Nikajiuliza, paka gani huyu anakoroma kwa besi?"

Shingo tatu ziligeuka kuelekea mlango wa fundi. Ya nne ilikuwa ya yule mteja wa kichwa nusu, aliyetoka nje na taulo begani asipitwe na jambo.

Sentimita alijua hapo hakuna pa kutokea. Chumba chake kina mlango mmoja. Akatoka, chupa bado mkononi, akajaribu kutabasamu.

"Ni kukiri kwa imani," alisema.

"Nini?"

"Kukiri kwa imani. Unamshukuru Mungu kabla hujapokea, kana kwamba umeshapokea. Ndiyo imani yenyewe. Nimeshukuru mbio ambazo ziko njiani zinakuja."

"Ziko njiani, wewe uko kwenye vitambaa unakoroma!" alisema Wembe. "Zikifika zitakukuta wapi?"

"Wewe kanisani tunakuona Krismasi tu, mambo haya ya kiroho yanakuzidi kimo."

"Basi mimi siyo wa Krismasi," Mama Birika aliingilia, akimimina kahawa. "Petro alitoka chomboni kwanza, akakanyaga maji, ndipo akazama. Wewe umezama ukiwa nchi kavu. Tena umelala."

"Gari huliambii 'asante kwa kunifikisha' wakati liko gereji na matairi hayana," alisema Mzee Gia. Yeye anasali kanisa lingine, la ibada fupi zisizo na shuhuda, na jambo hili lilimpa raha ambayo hakuificha. "Kwetu sisi hakuna mambo hayo. Tunaungama faraghani, tunakwenda kunywa chai."

"Hebu tueleze vizuri, bwana," Wembe alisema. "Ilikuwaje? Anza mwanzo, na usipunguze hata inchi."

Sentimita alikaa. Akaeleza, na alipokuwa anaeleza aliona mwenyewe jinsi jambo lile lilivyokuwa dogo lilipoanza. Alikwenda zahanati kwa kuumwa kichwa, nesi akamfunga kile kitambaa cha mkononi, akapima presha, akapima tena. Halafu akamwambia: baba, anza kutembea na kukimbia taratibu kila asubuhi, ama sivyo tutaonana hapa mara nyingi. Mkewe akamnunulia raba. Siku ya kwanza alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akaomba, akakimbia. Nguzo ya umeme ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye nguzo ya tatu akasimama, akageuka, akaenda zake dukani kwake, akajifungia.

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili nilikwenda moja kwa moja dukani. Nikasema niombe kwanza vizuri, nipate nguvu. Nikaomba. Nilipoamka kulikuwa kumekucha."

"Umeomba kwa kukoroma," alisema mteja wa kichwa nusu.

"Wewe nyamaza, hujamaliza hata kunyolewa," Sentimita alimjibu. "Siku ya tatu vivyo hivyo. Nikazoea."

"Na nyumbani ulirudi mkavu? Shemeji hakuuliza?"

Sentimita aliitazama chupa yake. Benchi nalo likaitazama.

"Nilijinyunyizia," alisema kwa sauti ndogo. "Kidogo usoni, kidogo kifuani, kwapani. Nikishafika mlangoni nahema."

Walicheka mpaka vikombe viwili vikamwagika. Wembe alishuka kutoka kwenye benchi akapiga magoti barazani, akawa anaupiga ukuta kwa kiganja. Mteja wa kichwa nusu alijifunika taulo uso mzima. Mama Birika alifuta machozi kwa aproni, akasema Mungu amsamehe, lakini mbavu zake hazimsamehe. Mzee Gia peke yake aliacha kucheka mapema.

"Pale nguzo ya tatu," aliuliza. "Ulisimama kwa nini?"

"Nilichoka."

"Mtu aliyechoka hutembea. Wewe uligeuka. Kwa nini?"

Sentimita alianza kuivuta tepu yake, akaizungusha kidoleni, akaifungua. Alikuwa hajamwambia mtu. Hata Mungu alikuwa anamwambia kwa kuzunguka zunguka.

"Moyo ulinipiga," alisema. "Ulipiga mpaka nikausikia masikioni. Mnamkumbuka kaka yangu?"

Walimkumbuka. Cherehani iliyo mle ndani ni yake. Siku moja asubuhi aliinama juu ya cherehani hiyo kana kwamba anatunga uzi, na hakuinuka. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

"Na mimi nimetimiza hamsini na mmoja mwaka huu," alisema Sentimita. "Naogopa, wazee. Naogopa kufa njiani, na raba mpya miguuni, watu wapite waseme huyu naye alidhani yeye nani."

Maji ya kahawa yalichemka peke yake. Wembe, ambaye ukimya humuwasha kuliko upele, ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Basi usife kabla ya suruali yangu," alisema.

Sentimita alicheka bila kutaka, na alipocheka kitu kilimlegea kifuani.

"Sasa ni Jumatatu," alisema Mama Birika. "Jumamosi watu wamejaa langoni. Unafanyaje?"

Ushauri ulimiminika. Wembe alishauri kifundo cha mguu: atamletea bendeji, aifunge Ijumaa jioni, achechemee, aseme amejitegua kwa mazoezi makali. Mteja wa kichwa nusu alishauri msiba wa mbali. Mzee Gia aliwasikiliza wote, akakohoa.

"Injini ya baridi huikanyagii mafuta asubuhi asubuhi," alisema. "Uliondoka kwa gia ya nne, ndiyo maana ikalia. Nesi alikwambia taratibu. Kesho nitakusubiri nguzo ya kwanza. Utakimbia nguzo moja, utatembea mbili. Gia ya kwanza tu, wiki nzima. Ukiweza kuongea huku unakimbia, mwendo ni sawa. Ukishindwa kuongea, punguza."

"Na maombi?" aliuliza Sentimita. "Mimi siwezi kutoka bila kuomba."

"Hayo niachie mimi," alisema Mama Birika. "Sala yako ina tatizo moja: unaiomba umekaa. Sema 'Bwana, twende,' na amina uiseme mguu mmoja uko nje ya mlango. Mengine mtaongea njiani. Si umeambiwa uwe unaongea?"

Kisha Wembe alirudi ndani kumalizia kichwa, na walivyosema waliokuwepo, nusu ya pili haikufanana na ya kwanza.

Jumanne alfajiri Sentimita alimkuta Mzee Gia nguzo ya kwanza, amevaa koti la safari zake za zamani, tochi mkononi. Alikimbia nguzo moja. Alitembea mbili. Walipoikaribia ya tatu miguu yake ilianza kuwa mizito yenyewe, na jasho, la kweli safari hii, likamtoka kabla ya kazi.

"Hapa ndipo ulipofia?" Mzee Gia aliuliza.

"Hapa hapa."

"Basi pita unatembea. Hakuna sheria ya kupita hapa kwa mbio."

Alipita anatembea, ameushika moyo kwa mkono mmoja na tepu kwa mwingine. Upande wa pili wa nguzo kulikuwa na barabara kama ya upande huu. Alishangaa, kisha akaona aibu kushangaa. Walikwenda mpaka nguzo ya tano wakarudi, na alipofika dukani alikaa barazani muda mrefu akiangalia raba zake zilivyoshika vumbi. Alisahau kabisa kujinyunyizia. Aliikausha fulana juani kabla ya kwenda nyumbani, mkewe asione tofauti na ile ya wiki tatu, akajiambia ni kwa ajili ya usafi.

Asubuhi hiyo benchi lilitaka ripoti.

"Nguzo tano," alisema Mzee Gia.

"Kwa mbio?" aliuliza Wembe.

"Kwa miguu."

"Hata mimi kwa miguu nafika! Mbona sitangazwi kanisani?"

"Wewe ungetangazwa," alisema Mama Birika, "watu wangehama kanisa."

Jumatano Sentimita aligundua jambo. Alikuwa anajitahidi kuongea, kama alivyoagizwa, lakini Mzee Gia goti lilimgomea akabaki nguzo ya kwanza, na mtu huwezi kuongea peke yako barabarani watu wakakuelewa. Akaamua aongee na Mungu. Akakosa la kusema, kwa sababu siku zote alizoea kuanza kwa mbali, kwa heshima zote na majina yote, na pumzi ya majina yote hakuwa nayo. Akapita mbele ya nyumba ya mkunga. Mkunga huyo kiuno chake ni sentimita tisini na sita, na gauni lake la kitenge lilipaswa kuwa tayari mwezi uliopita.

"Bwana," alisema kwa kuhema, "mkunga. Mpe subira."

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya seremala, kifua mia na nane, mashati mawili. "Seremala. Subira." Halafu mwalimu wa hesabu, mguu mmoja mrefu kidogo kuliko mwingine, siri ambayo anaijua fundi tu. "Mwalimu. Asikasirike." Alikuwa anawajua wote kwa vipimo, na wote alikuwa amewachelewesha, na kila mmoja alistahili kuombewa. Alipoinua macho alikuwa nguzo ya sita. Ya tatu ilikuwa nyuma yake, na hakukumbuka ameipita akiwa kwenye mbio au akitembea.

Alirudi nyumbani amelowa. Alijitupa bafuni akasahau fulana sakafuni, na alipotoka haikuwepo. Mkewe alikuwa amekwisha kuichukua, akawa amekaa jikoni, macho mekundu. Alisema ni kitunguu.

"Kwa hiyo siri ya mbio ni wateja wako?" Wembe aliuliza walipokutana. "Unawaombea uliowachelewesha, nyumba kwa nyumba?"

"Ndiyo."

"Basi wewe njia hii haikutoshi. Utafika mpakani."

"Nawe nilikuombea."

"Ulisemaje?"

"Nilisema, Bwana, kinyozi. Ijumaa."

Alhamisi mapaja yalimkaza akawa anashuka ngazi za baraza kinyumenyume, huku anashikilia ukuta, na benchi likamhesabia kila ngazi kwa makofi. Alikwenda hivyo hivyo, akitembea tu. Ijumaa alipumzika kwa amri ya Mzee Gia, na jioni, wakati wa kufunga, Wembe alipita dukani kwake akamwekea kitu mezani. Ilikuwa bendeji, mpya, bado iko kwenye karatasi yake.

"Sikushauri," alisema Wembe, na kwa mara ya kwanza wiki nzima hakuwa anatania. "Lakini watu wengi wana midomo kama yangu. Ikikuzidi, unayo."

Sentimita alilala nayo chini ya mto.

Jumamosi aliamka kabla ya saa. Mkewe alikuwa amekwisha kuvaa: raba, sketi ndefu, na mfuko wa kitambaa begani.

"Na wewe unakwenda?"

"Si umetualika wote?" alisema mkewe, akafungua mlango.

Langoni mwa kanisa walikuwa watu ishirini na sita, Sentimita aliwahesabu. Wengine walikuja na viatu vya ibada. Mzee wa kanisa, yule wa usingizini, alikuwa na filimbi shingoni. Mama Birika alikuwa mbele na suti ya michezo ya rangi ya chungwa iliyoonekana tangu sokoni. Mzee Gia alisimama ng'ambo ya barabara, maana lango la kanisa la watu hakutaka kulisogelea sana. Mchungaji alishika mkono wa Sentimita na kumsogeza katikati.

"Mkimbiaji wetu mzoefu," alisema, "atupe neno moja la kututia moyo."

Mkono wa Sentimita ulikuwa mfukoni, umeishika bendeji. Alitazama nyuso zile. Aliwajua wote mabega na nyonga. Akamtafuta mkewe akamwona kule nyuma, ameukumbatia ule mfuko, anamtazama usoni bila kupepesa. Mtu anaweza kulidanganya kanisa zima akalala, aliona, lakini hawezi kuomba tena njiani na bendeji hii ikiwa mfukoni. Akautoa mkono mtupu.

"Sijui kukimbia," alisema. "Nimekimbia siku mbili, wiki hii. Zile wiki tatu nilizoshuhudia nilikuwa nimelala dukani. Niliogopa. Kaka yangu mnamjua alivyokwenda. Moyo ulinipiga nguzo ya tatu, nikarudi, nikaona aibu, nikajinyunyizia maji mke wangu asijue. Nimewadanganya, na yeye nimemdanganya zaidi. Nisameheni."

Mzee wa kanisa aliishusha filimbi aliyokuwa ameipeleka mdomoni. Sentimita alisikia moyo wake masikioni, vilevile kama siku ile, lakini safari hii hakugeuka. Ndipo kiongozi wa kwaya akakohoa.

"Mimi nilishuhudia mwaka jana kwamba nimesoma Biblia nzima," alisema. "Niko Mambo ya Walawi."

"Hata mimi Walawi," sauti ya nyuma ilisema.

"Walawi sura ya ngapi? Mimi imenishinda ya kumi na tatu."

"Mimi nilishuhudia nimepatana na wifi yangu," mama mmoja alisema. "Sijampigia hata simu. Nilidhani nitampigia Jumatatu."

"Ya mwaka gani?"

Mzee wa kanisa alivua filimbi akaanza kusema kwamba na yeye kuhusu ule usingizi, lakini mchungaji aliinua mikono yote miwili.

"Wapendwa, wapendwa! Tukiendelea hivi itakuwa ibada ya toba na jua litatukuta hapa. Mimi mwenyewe nina langu, nitalisema Jumapili. Fundi, siku mbili ni nyingi kuliko zetu. Tuongoze."

Waliondoka kwa gia ya kwanza, mwisho wa safari ukiwa kwenye benchi la kina Wembe. Nguzo moja mbio, mbili kutembea, Sentimita mbele akisema, kwa pumzi aliyokuwa nayo, "Ongeeni! Ukishindwa kuongea, punguza!" Hakukuwa na aliyeshindwa kuongea. Walipita ile nguzo ya tatu kwa kelele na vicheko, na pale Sentimita aliinua mkono akaigusa, mara moja, akaendelea. Akageuka kumtafuta mkewe. Hakumwona. Furaha yote ikamwishia hapo hapo, na zile nguzo zilizobaki mpaka kijiweni alizikimbia na kuzitembea akiomba kitu kimoja tu, na hakikuwa subira ya mteja.

Mkewe alikuwa kijiweni. Alikata njia ya nyuma ya soko, akawatangulia. Alikaa kwenye benchi katikati ya Wembe na yule mteja, ambaye alikuwa amerudi kunyolewa upya kusawazisha makosa ya Jumatatu. Wakimbiaji walipofika wakihema, wakashika magoti, wakashika ukuta, wakashikana wenyewe, Sentimita alisimama mbele ya mkewe na tepu imemng'ang'ania shingoni kwa jasho.

"Mama," alisema. "Nimekukosea."

"Najua," alisema mkewe. "Nina wiki tatu najua."

Akafungua mfuko. Akatoa fulana, akaikung'uta mara moja, akaiweka kwenye benchi. Fulana ilisimama. Ilisimama yenyewe, mikono imenyooka, kifua mbele, bila mtu ndani.

"Ulijinyunyizia maji, umesema? Yale maji ya chupa yako ya kupigia pasi kola?" aliuliza. "Chupa ya wanga, baba! Nilikuwa naianua kwenye kamba inagonga mlango! Nimezaliwa, nimekua, nimeolewa na fundi. Jasho gani linakauka likasimama?"

Baraza zima lililipuka. Wembe alikwenda chini mara moja, akaupiga ukuta. Mama Birika alijikunja kwa kicheko mpaka suti yake ya chungwa ikalia. Sentimita aliitazama fulana ile, na fulana ikamtazama, na katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuona kazi iliyosimama vizuri kiasi kile.

"Nilisubiri uniambie," mkewe aliendelea, na sauti yake ikapungua. "Kila siku nilisema leo ataniambia. Badala yake ukasimama ukaliambia kanisa uongo ule ule. Basi Jumapili ile ile jioni nikaenda kwa mchungaji nikamwambia, huyu mtu mpeni mbio azisimamie."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Ulitaka nikae nikusubiri uinamie cherehani, kama kaka yako? Mimi ndiye niliyemkuta siku ile. Naogopa kuliko wewe."

Mzee Gia, aliyekuwa amewafuata taratibu, alivua kofia. Sentimita alimshika mkewe mkono, jasho na vumbi na vyote, na mkewe hakuutoa.

"Na Jumatano," alisema mkewe, "kuna hii."

Akaingiza mkono mfukoni tena, hadi chini kabisa, akatoa fulana ya pili, iliyokunjamana, laini, ya kijivu kwapani. Alikuwa hajaifua tangu Jumatano. Aliiinua juu watu wote waione, na upepo mdogo wa asubuhi ukapita barazani ukaichukua habari yake mpaka mwisho wa benchi. Safu ya mbele ya kwaya ikarudi nyuma hatua mbili. Mzee wa kanisa akaamka kabisa.

"Inanuka," alisema mkewe, machozi yakimtoka, akiikumbatia. "Bwana asifiwe!"

Na Wembe, ambaye kanisani huonekana Krismasi tu, akiwa ameziba pua kwa vidole viwili, ndiye aliyewahi kuitikia:

"Amina!"